Betri ya Bosi Imevimba

Jumatatu, 6 Mei
Bosi kaniita. Muda wangu wa majaribio kazini unaisha Ijumaa, na hakuna aliyeniambia kama nabaki au nafungasha. Kumbe ni ndege! Ile ndege yake ya rimoti, inayokaa juu ya kabati la mafaili na hakuna anayeruhusiwa kuifuta hata vumbi. Jumamosi, kwenye michezo ya wafanyakazi, atairusha mbele ya ofisi nzima na mkewe. Akanikabidhi betri na chaja. Akasema niichaji vizuri, nisiiache bila mtu. Karani mwenzangu, tunayemwita Redio kwa kuwa hana siri, akanitakia heri kwa tabasamu la kunizika.

Nimeiacha kwenye chaja mpaka kesho. Ikijaa kupita kiasi, si ndiyo itaruka vizuri zaidi?

Jumanne, 7 Mei
Nimekwisha. Betri imevimba kama shavu lenye jino bovu. Nikaichomeka kwenye ndege, propela haikutikisika. Nikawaza kikarani. Karatasi ikijikunja, sisi tunafanyaje? Tunailaza chini ya mafaili, kesho yake imenyooka. Nimeilaza chini ya mafaili ya mwaka jana, yale mazito. Redio akataka kujua tangu lini napanga kabati bila kutumwa. Nikamjibu kwamba watu hubadilika.

Jumatano, 8 Mei
Haijanyooka. Imeyainua mafaili. Inanuka kama rangi ya kucha. Ndipo nikasoma maandishi madogo ubavuni mwake: isichajiwe bila uangalizi, ikivimba isitumike tena, isibanwe, yaweza kuwaka moto. Mimi, ninayesoma hata risiti mara mbili! Nikaibeba kwa ncha za vidole hadi mlango wa nyuma, nikaizika kwenye ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Nikapumua. Nitamwambia Bosi imeibwa. Hapana, atauliza na nani. Nitaomba mvua.

Baadaye Redio akatoka kuvuta sigara. Huwa anaizimia wapi? Kwenye ile ndoo.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeshinda nimesimama kando ya ndoo. Kila Redio alipokuja na sigara nilimfukuza, nikisema mchanga ni wa dharura, si kisahani cha majivu. Akasema hatimaye nimepata cheo kinachonifaa, ulinzi wa ndoo, kisha akaenda kuitangazia ofisi kwamba nimerukwa na akili. Habari ikamfikia Bosi. Akaja mwenyewe, akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akasema hajawahi kuona mfanyakazi anayejali usalama namna hii. Nikashukuru. Nusura nilie.

Ijumaa, 10 Mei
Bosi ameniita, anataka betri yake. Nilikuwa na visingizio vizuri, vyote vikayeyuka. Nikasema kweli: imevimba, nimeibana, nimeizika. Nikasubiri kufukuzwa. Bosi akainuka, akafunga mlango, akakaa tena.

"Haiwezi kuruka kabisa?"

"Haiwezi, bosi."

"Asante, mwanangu." Akajifuta jasho. "Tangu niinunue sijaweza kuitua. Mara ya mwisho iliishia juu ya paa la mama mkwe. Mke wangu bado anacheka."

Nimethibitishwa kazini! Jioni tuliipeleka wanakokusanya betri mbovu, yeye akiendesha gari polepole, mimi nimepakata ndoo kama mtoto mchanga. Nimeapa sitaficha kitu tena.

Jumamosi, 11 Mei
Michezo ilikwenda vizuri hadi mke wa Bosi alipofika na zawadi: betri mpya. Redio, aliyetuona jana tukiondoka na betri ndani ya ndoo, alikuwa ameshamtangazia kwamba imeharibika. Mama wa watu simu mkononi, tayari kupiga picha. Bosi akabadilika rangi, akasema betri mpya lazima ichajiwe kwanza, basi iwe Jumamosi ijayo, akanikabidhi mbele ya watu wote. Akaniminya bega kwa nguvu, akanitazama machoni kwa muda mrefu. Imani iliyoje!

Safari hii simwangushi. Nimefikiri sana, na kosa langu nimelijua: nilichelewa. Niliibana ikiwa imeshavimba. Jioni nimepitia ofisini, nimeiweka hii kwenye chaja chini ya mafaili tangu mwanzo, ya mwaka jana na ya mwaka juzi, nikafunga kabati kwa ufunguo. Bosi hana haja ya kujua.

Ivimbe sasa, tuone itavimbia wapi.