Shingo ya Nyasuguta

Jumatatu, 9 Juni
Nimeacha kuuza vitunguu. Sasa mimi ni mnyoosha shingo! Nimetazama video kumi na moja kwenye simu. Unashika kidevu, unazungusha, ka! Mtu anasimama wima na hayumbi tena. Mirumbe, anayekanda watu migongo hapa sokoni Sori, ana foleni hadi kwa muuza mkaa. Na anatumia mafuta tu! Wiki hii nitamfungia kazi.

Jumanne, 10 Juni
Mteja mmoja. Aliniuliza nimesomea wapi, akaenda kwa Mirumbe.

Nahitaji tangazo. Mke wangu, Nyasuguta! Hubeba karai la omena, dagaa wa huku, kichwani kutoka ufuoni bila kulishika. Tulipohamia hapa kutoka Kisii, wanawake wa ziwani walimcheka. Leo ndio humpisha njia. Nilimwambia nikimnyoosha atabeba makarai mawili. Akasema shingo yake haina shida. Nikambembeleza mpaka akacheka, akakubali.

Jumatano, 11 Juni
Nimemnyoosha mbele ya soko zima. Ka! Makofi! Nikamtwika karai. Hatua sita, safi. Ya saba akaenda upande, akaanguka. Omena zote matopeni. Alisema ardhi inamzunguka. Aliyemwinua ni Mirumbe. Lazima ajionyeshe!

Ijumaa, 13 Juni
Bado anayumba. Hospitali. Daktari aliuliza nani ameigusa shingo hii. Nyasuguta akasema aliteleza tu. Alinifichia! Daktari alieleza kwamba shingo huuambia ubongo kichwa kimekaaje. Ikivurugwa, mtu anaweza kupoteza usawa. Huenda akapona, labda baada ya miezi. Asibebe kitu kichwani, wala mtu asimguse shingo.

Njiani hakulia. Tulipofika nyumbani alimpa jirani karai lake, ndipo akalia. Nilitoka nje nisimwone. Najichukia.

Jumamosi, 14 Juni
Sabato yetu leo, lakini hatukwenda kanisani. Aliniomba nimshike mkono hadi chooni. Mwanamke yule, kushikwa mkono! Tulisimama mara mbili njiani, amefumba macho. Akasema hanilaumu, ila nisiguse shingo ya mtu tena maishani. Niliapa. Nililia machozi ya kweli.

Sasa amesinzia barazani. Nimeirudia ile video, mara hii hadi mwisho. Kumbe huzungushwa pande zote mbili! Mimi nilimzungusha kulia tu. Kushoto bado! Nangoja aamke nimpe habari njema.