Ombi la Kuvunja Ndoa ya Koronel na Wayta

Kwa Mwenyekiti wa Jumuiya ya Chillkapampa,
Don Hipólito Yucra.

Mheshimiwa na jirani yangu,

YAH: KUVUNJWA KWA NDOA YA ALPAKA WAWILI WALIOSHINDWANA

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiamini goti lako limepona na mkeo Doña Petronila ameacha kukufichia pombe yako ya chicha. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Utakumbuka kwamba siku ya Karnivali, mbele ya jumuiya nzima, uliwafungisha ndoa alpaka wangu wawili: Koronel, dume jeupe, na Wayta, jike la kahawia. Uliwafunga pamoja shingoni kwa kamba ya sufu, ukawamwagia maua na chicha, wakavishwa vishada vyekundu masikioni. Doña Saturnina Chullo, mjane wa ng'ambo ya kijito, ndiye aliyesimama kama msimamizi wao. Kwa desturi yetu, tangu saa ile mimi mwenye mifugo na yeye msimamizi tukawa kompadre na komadre, yaani ndugu kuliko hata wa tumbo moja, na ndugu hawaoani.

Nasema mapema, ili wenye midomo yao wasipate la kusema: mimi sina maslahi yoyote katika shauri hili. Kwamba ndoa ikivunjika udugu nao unavunjika, na udugu ukivunjika mimi, mgane wa miaka sita, nitaweza kwenda kumposa Doña Saturnina, hilo limejitokeza lenyewe tu. Mimi nawahurumia wanyama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi harusi anamtemea mate bwana harusi. Wala sisemi mate ya kawaida. Kila asubuhi, umande ukiwa bado ni barafu, Koronel humsogelea mkewe akiguna ile mmm-mmm yake ya mahaba. Wayta huinua kidevu, hulaza masikio, kisha humrushia usoni majani ya kijani yaliyochachia tumboni tangu jana. Nimehesabu mara kumi na saba kuanzia Jumapili. Mara ya kumi na mbili nilikuwa katikati yao, nimevaa kofia yangu ya kanisani. Hivi kweli, Mheshimiwa, hayo ni mapenzi? Mwanamke akikufanyia hivyo wewe mbele ya watu, si ungerudi kwa mama yako?

2. Bwana harusi naye si malaika. Nilimchana manyoya saa mbili nzima apigwe picha ya harusi. Alipoona kamera akaenda kugaagaa vumbini, miguu juu. Hatoki zizini mpaka atangulie yeye. Llama, binamu yake mrefu, akipita, ananyoosha shingo mpaka naogopa itakatika, ili asionekane mfupi. Nikimkemea analala chini, anakunja miguu, anaangalia mlima mpaka nimwombe radhi, nami namwomba, maana siku haisubiri. Ukikaa na kiumbe wa namna hiyo, hata wewe ungetema.

3. Ugomvi wao umeligawa zizi. Unajua jinsi alpaka walivyo na adabu: wote huenda kujisaidia sehemu moja, tena kwa foleni, bila kusukumana. Basi Wayta ameanzisha lundo lake la samadi upande wa pili, na nusu ya majike wamemfuata. Sasa nina malundo mawili na vyama viwili, na wa chama hiki hakanyagi kwa chama kile. Ajuza Mama Tekla, yule alpaka anayepiga yowe hata akiona wingu, husimama katikati akiwapigia yowe wote. Nami nasomba samadi mara mbili kwa mgongo mmoja.

4. Aibu imeanza kutoka nje ya boma langu. Koronel, kwa kukosa pa kupeleka mahaba yake, Jumanne iliyopita alilikumbatia gunia la viazi vikavu la Doña Petronila na kuliimbia mpaka alipovutwa na watu watatu. Bila shaka umelisikia nyumbani. Leo ni gunia. Kesho itakuwa nini? Padri anakuja mwezi ujao, na kanzu yake ni nyeupe.

5. Komadre. Kila Alhamisi Doña Saturnina anavuka kijito kuja kumtazama bi harusi, kama msimamizi mwenye kujali wajibu wake. Anamtazama dakika mbili. Halafu anaingia jikoni kwangu na jibini lake, anakaa karibu na moto, anaanza: "Kompadre, supu hii umeitia chumvi au umeionyesha tu? Kompadre, hilo shati lina tundu, livue nilishone, au unasubiri panya wahamie?" Kompadre hivi, kompadre vile! Kila akilitamka neno hilo natamani kutia vidole masikioni. Nampenda, Don Hipólito. Basi, nimeandika, na wino haufutiki. Nampenda, na akiondoka nyumba inakuwa baridi hata moto ukiwaka. Lakini sote tunajua yanayowapata kompadre na komadre wakipendana: wanageuka nusu mtu nusu llama, wanatangatanga milimani wakilia. Nimechunga llama maisha yangu yote, Mheshimiwa. Sina hamu ya kuchungwa.

Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Pasipo mapenzi hapana ndoa. Pasipo ndoa hapana msimamizi. Pasipo msimamizi hapana komadre, na pasipo komadre, Saturnina ni Saturnina tu, nami naweza kuvaa kofia yangu, ikishakauka, nikaenda kubisha hodi kwake kama mwanamume.

Naomba basi uwavue vishada vyao hadharani, kwenye mkutano wa Jumapili, na utangaze kwa sauti kubwa, ukielekea ng'ambo ya kijito. Niko tayari kumleta Wayta atoe ushahidi. Wajumbe wasikae mbele.

Wasalimie wote hapo nyumbani: Doña Petronila na gunia lake, dada yako Eufemia, na yule mbwa wako anayenidai mguu wa suruali.

Mimi mfugaji mwenzako, nisiye na maslahi,
Fortunato Ccoyo Layme

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha, mara Doña Saturnina huyo, na leo wala si Alhamisi. Akaiona barua mezani, akaisoma yote, huku mimi nikijifanya nachochea moto. Alipofika namba moja alicheka mpaka akashika ukuta. "We kompadre! Miaka arobaini unachunga alpaka, hujui jike akimtemea dume mate ana mimba?" Najua. Haki ya Mungu najua! Baba alinifundisha hilo kabla sijajua kusali, na kila mwaka ndivyo ninavyowapima majike wangu. Mwaka huu sijui akili yangu ilikwenda wapi. Wayta ana mimba ya miezi mitatu. Ndoa ni nzima kabisa, na malalamiko ya kwanza hadi ya nne nayaondoa kwa aibu.

Namba tano hakucheka. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza nadhani ni nani aliyekunong'oneza wewe, siku ya Karnivali, umchague yeye kuwa msimamizi badala ya Eufemia. "Mjane akiingia kwa mgane, kijiji kizima kinahesabu dakika," akasema. "Komadre akiingia kwa kompadre, wanamsalimia. Miezi mitatu napita mlangoni kwa Hipólito na jibini mkononi, naye ananiuliza tu, bi harusi hajambo? Leo wewe unataka kumwandikia atuvunjie hilo? Mwanamume mzima!" Nikamkumbusha habari ya kugeuka llama. Akasema kwamba kwa baridi ya huku, manyoya si hasara.

Kwa hiyo naomba ndoa hii isiguswe na mtu. Saturnina ametoka kidogo kumtazama bi harusi, na ameniachia amri niichome barua hii kabla hajarudi. Nimeishika juu ya moto, nikashindwa. Ndiyo karatasi pekee niliyowahi kuandika kwamba nampenda. Naituma kwako uitunze, na nakuomba kama jirani, usiifungue.