Daftari la Wanywaji wa Temeke

Jumatatu, 1 Machi 1954

Asubuhi mkono ulitetemeka kidogo nikimimina dawa ya kikohozi. Nusu iliingia kwenye chupa, nusu kwenye kiatu cha mgonjwa. Meza ya dispensari hii ni mbovu. Nimeshasema mara ngapi!

Habari kubwa: Daktari Rahemtulla ametuita, mimi na Nesi Demetria. Kuanzia kesho kila mgonjwa aulizwe anakunywa nini, kiasi gani, mara ngapi. Bangi vilevile, na kasumba ya kuvuta. Sababu yake ni kwamba mlevi akipewa dawa ya usingizi bila daktari kujua, anaweza kulala asiamke. Atakayefanya kazi hii vizuri zaidi hadi mwisho wa wiki ijayo ndiye atakayekwenda kusimamia dispensari mpya ya Ubungo.

Ubungo! Koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Baiskeli ya serikali. Nyumba ya bati. Mimi ni dresa, mfunga vidonda, hapa mwaka wa saba, Demetria ana miaka miwili tu. Koti ni langu. Nimejipima mabega kwenye kioo cha kabati la dawa. Yanatosha.

Jumanne, 2 Machi

Nimeanza kwa nguvu. Nilisimama mbele ya benchi, nikasafisha koo, nikawauliza wote kwa pamoja ili kuokoa muda: nani hapa mlevi?

Akainuka Bi Zubeida binti Matar, mke wa mwenye duka la nguo pale kona, aliyekuja na mafua tu. Alisema anafunga Jumatatu na Alhamisi tangu mimi sijazaliwa, na leo anaulizwa ulevi mbele za watu na mtu aliyevaa soksi mbili tofauti. Akakaza buibui lake akatoka. Nusu ya benchi ikamfuata. Soksi zilikuwa tofauti kweli, lakini zote za kahawia.

Daftarini: wagonjwa ishirini na wawili, wanywaji hakuna. Demetria amehoji saba tu. Anamchukua mtu mmoja mmoja nyuma ya pazia, anamsalimia, anamuuliza habari za nyumbani, watoto, kazi, mpaka mimi nje nasinzia. Kwa mwendo huo Temeke ataimaliza mwaka 1960.

Jumatano, 3 Machi

Daktari amelitazama daftari langu akauliza kama dispensari imehamia Makka. Akasema kila jioni anapita nyuma ya ua wa Mama Elinaza, muuza pombe, anasikia nyimbo, na hao waimbaji hawakulewa maji. Mama Elinaza ndiye mama mwenye nyumba wangu. Nikatazama dari.

Lakini mchana nilipata akili! Walikuwapo benchini Shomari, Mzaramo mshona makuti, mwenye ngiri, na Lugusha, Mnyamwezi, kuli wa bandarini, mwenye kidonda mguuni. Wale ni watani. Wakionana ni kutukanana mwanzo hadi mwisho, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Nikamuuliza Shomari kama anakunywa. Akasema hapana. Lugusha akadakia kwamba huyo anaoga tembo la mnazi, chupa kumi na sita kwa siku, na usiku mkewe anamkamua kama nguo. Benchi zima likacheka, Shomari akiwa wa kwanza.

Nikaona njia. Mtu hatajisema mwenyewe, lakini mtani wake atamsema bure! Kwa nini nihangaike na mgonjwa?

Najua utani una chumvi. Mimi si mjinga. Kwa hiyo kila jibu nitaligawanya kwa mbili. Hiyo ndiyo sayansi. Shomari: chupa nane.

Ijumaa, 5 Machi

Mambo ni mazuri mno. Watu sasa wanakuja na watani wao kwa makusudi. Hata wasioumwa wamekuja kutoa ushahidi. Fundi cherehani wa Songea: mtani wake asema anavuta bangi mpaka mbuzi wake wanacheka. Nikaandika: mbuzi wanatabasamu. Mpishi wa reli: anakunywa hata mafuta ya taa, kibatari kizima. Nikaandika: nusu kibatari.

Jumla: wagonjwa thelathini na mmoja, wanywaji thelathini na mmoja. Demetria amehoji kumi na mmoja, akapata wanne. Nilimwonea huruma, nikamwazima wino.

Jioni nilijipongeza kwa Mama Elinaza. Mimi si mnywaji. Ni chupa moja tu ya kusaidia chakula kushuka. Leo chakula kilikuwa kizito, zikawa tatu.

Jumatatu, 8 Machi

Balaa!

Jumamosi Shomari alipelekwa hospitali kubwa ya mjini kupasuliwa ngiri. Kitanda hicho amekingoja tangu mwaka jana. Alibeba barua iliyonakiliwa kutoka daftari langu. Kule wakasoma chupa nane kwa siku, wakasema mtu wa kiasi hicho hawawezi kumtia usingizini. Kitanda wakampa mgonjwa mwingine. Leo amerudi Temeke kwa miguu, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Shomari hajaonja tembo tangu azaliwe. Ngiri ikizidi kumbana anaweza kufa, Daktari amesema hivyo mbele yangu.

Lugusha alikuwa naye, na leo hakutania. Alisema kazi ya mtani ni kumtukana mwenzake akiwa hai na kuhudumu kwenye maziko yake akifa, na mimi nimetaka kumfikisha haraka kwenye ile kazi ya pili. Hata mtoto anayetambaa, alisema, anajua maneno ya mtani hayaandikwi.

Niliona aibu. Kweli kabisa. Sikuweza kumtazama Shomari usoni. Niliona aibu mpaka saa sita, ndipo nilipogundua kosa lilipokuwa: nilipaswa kugawanya kwa nne.

Demetria alimchukua Shomari nyuma ya pazia, robo saa nzima. Akaandika: hanywi, havuti, anatafuna tambuu. Daktari ameandika barua mpya kwa mkono wake mwenyewe. Kitanda kimepatikana, Alhamisi.

Koti linaniponyoka. Lazima nifanye jambo.

Jumatano, 10 Machi

Mpango: kuiba maswali ya Demetria. Nikajifanya naumwa kichwa, nikaingia nyuma ya pazia kama mgonjwa.

Alinikalisha. Akaniuliza habari za kijijini kwetu Matombo, habari za mama yangu, kama napata usingizi. Tangu nije Dar es Salaam hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mama. Nikapangusa macho. Vumbi la pazia.

Kisha akauliza jioni zangu zinakwendaje. Nikamweleza kila kitu kwa ukamilifu, ili aone jibu bora linavyokuwa: chupa tatu kila siku, Jumamosi tano, na asubuhi kidogo tu kutuliza mkono. Akauliza mkono una nini. Nikamweleza ubovu wa meza. Akauliza kama nyumbani nako unatetemeka. Nikamwambia meza ya nyumbani ni mbovu zaidi.

Akaandika yote kama nilivyosema, bila kugawanya! Nilimwonya kwa wema. Akasema yeye huandika anachoambiwa na mwenyewe. Basi, Ubungo ameshaikosa.

Ijumaa, 12 Machi

Shomari alipasuliwa jana. Ameamka na ameomba uji. Lugusha alikwenda kumwona, na tayari anatangaza kwamba alikoroma mpaka bati la hospitali likalegea. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Ubungo amepewa Demetria. Hata koti ameshapimiwa.

Lakini ngoja! Daktari aliniita peke yangu, akafunga mlango. Alisema katika karatasi zote za wiki mbili hizi, iliyo kamili kuliko zote ni moja, na imemkosesha usingizi. Ni yangu! Kuanzia sasa niende chumbani kwake kila Jumatatu asubuhi, tuzungumze taratibu, mpaka mkono utulie. Hataki kunipoteza, alisema hivyo hivyo. Na kwa sasa nisishike sindano.

Hesabu ni rahisi. Katika Temeke nzima amemchagua mtu mmoja wa kuzungumza naye kila wiki, mlango umefungwa. Demetria kapewa dispensari, mimi nimepewa Daktari mwenyewe! Na sindano? Wakubwa hawachomi sindano. Nadhani ananiandalia Ilala nzima.

Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba leo nisipite kwa Mama Elinaza. Sikupita. Naishi hapa hapa.

Nimekunywa chupa nne za kujipongeza. Ukigawanya kwa mbili, ni mbili. Hizo ndizo nitakazomwambia Jumatatu. Na mkono umetulia kabisa.