Kwaresima ya Mpira wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Jana tumefungwa tena kwenye besiboli. Tisa kwa moja. Wapigaji wangu walirushia gongo kila kilichopita mbele yao: mipira ya ardhini, mipira ya kichwani, na Payano, naapa, alimlenga njiwa. Nimechoka. Nina miaka hamsini na minane na goti moja zima.

Jambo lenyewe ni rahisi kuliko kumenya ndizi. Mrushaji akikuletea mipira minne mibaya nawe ukaiacha ipite, unatembea bure hadi kituo cha kwanza. Mzuri ukiuacha unahesabiwa kosa, na makosa matatu yanakutoa; lakini mibaya minne, bure! Msimu mzima timu yangu imetembea mara tatu, na mojawapo ni kwa kuwa mpigaji alikuwa akibishana na mtu jukwaani.

Payano ndiye mpigaji wangu bora. Anapakia magunia kiwandani, ana mikono minene kama mapaja yangu. Nilipomsihi awe na subira akacheka, akaniuliza ni nani aliyewahi kutoka kisiwa hiki kwenda ligi kubwa za Marekani kwa kutembea. Wenzake wakapiga makofi. Wote wamekulia vichochoroni mwa mji wetu, San Pedro, wakipiga vifuniko vya chupa kwa mipini ya fagio. Kumwambia mtu wa hivyo auache mpira ni kutwanga maji kwenye kinu.

Jioni Don Maximino, mwenye duka la kona na mwenye timu, akaniita nyuma ya magunia ya mchele. Akasema Jumapili tunacheza na timu ya kiwanda cha jirani, na nikishindwa, sare yangu ya kocha ataivaa shemeji yake. Shemeji yake! Muuza bahati nasibu! Miaka kumi na tisa nimeivaa sare ile. Bila hiyo mimi ni mzee mwenye goti, basi.

Jumanne, 5 Machi

Hila: mazoezi bila magongo. Niliyafungia yote stoo. Wasimame tu, wautazame mpira ukipita, jicho lizoee. Mpira wa kwanza, kimya. Wa pili, Payano akaupiga kwa kiganja. Wa tatu, Yoel, mlinzi wetu wa kituo cha pili, akang'oa ubao wa benchi.

Baada ya nusu saa nikafungua stoo. Hila haifai. Mke wangu Nereida akauliza nimejuaje kwa nusu saa. Akanikumbusha kwamba wiki iliyopita ilikuwa kuvuta pumzi, na kabla ya hapo ilikuwa kula karoti. Haelewi besiboli.

Jumatano, 6 Machi. Majivu.

Nimepata!

Nilikuwa kanisani kwenye foleni ya majivu. Nyuma yangu Yoel ananong'ona kwamba Kwaresima hii anaacha ramu. Mwingine anaacha domino. Akili ikawaka. Baada ya Misa nikawakusanya wote uani, majivu bado mabichi kwenye vipaji vya nyuso, nikawaapisha: kwa siku arobaini hakuna atakayeugusa mpira wa kwanza anaorushiwa. Unapita, hata uje umepambwa maua. Payano akakataa kabisa, akasema hiyo si toba, ni ukatili. Nikamwonyesha mama yake, Doña Eduvigis, amesimama hatua tatu kutoka hapo na rozari mkononi. Payano akaapa.

Vijana hawa watamdanganya kocha, watawadanganya wake zao. Nadhiri ya Kwaresima hawaivunji.

Chago Severino, kocha wa kiwanda cha jirani, naye alikuwa uani. Ndiye aliyemshika binti yangu ubatizoni, kwa hiyo tunaitana ndugu. Alinikumbatia hadi majivu yake yakanipaka shavuni, akaniuliza hali ya goti. Mtu mwema yule, ila ukocha hauwezi.

Ijumaa, 8 Machi

Muujiza. Mpira wa kwanza unapita. Kwa wote! Payano anatetemeka kama mlevi aliyenyimwa chupa, lakini anauacha. Yoel aliuacha hadi wa pili, kwa kuwa alipoteza hesabu.

Nereida amepika maharage matamu ya Kwaresima, yenye maziwa ya nazi na zabibu. Nikampelekea Don Maximino bakuli moja na kumwahidi ushindi. Nereida alishauri bakuli lingoje tushinde kwanza. Nikamwambia ukishika chuma, kipige kingali moto. Akasema maharage si chuma.

Jumapili, 10 Machi



Mrushaji wa Chago alianza kwa mpira wa katikati kabisa, wa polepole, laini kama papai bivu. Mpigaji wangu akautazama ukipita. Akaja mpigaji wa pili: papai. Wa tatu: papai. Kila mpigaji wangu aliletewa zawadi, na kila mmoja aliiaga kwa macho. Kisha ikaja mipira ile inayopinda na kutumbukia, nao wakaifukuza kama zamani. Kikulacho ki nguoni mwako. Chago alisikia kila neno pale uani. Kila papai lilipopita alinipungia mkono.

Mama mmoja jukwaani akapaza sauti: “Kocha! Hao umewaleta kucheza au kutazama gwaride?” Watu wakacheka. Hata shemeji yake Don Maximino alicheka, naye alikuwa amevaa kofia mpya.

Raundi ya saba, wao nne, sisi bila. Payano hakuvumilia. Alipanda jukwaani hadi kwa Padre Anselmo, aliyekuwa na mdomo umejaa mkate wa kukaanga, akamwomba amfungue nadhiri. Padre akameza. Akasema, “Mwanangu, Jumapili hazimo katika zile arobaini. Hesabu mwenyewe. Mngeniuliza tangu Jumatano.”

Na sisi mechi zetu zote ni Jumapili!

Basi, walikuwa ndama waliofunguliwa. Mrushaji wa Chago, asiyejua lolote, akaleta papai, Yoel akalipasua. Akaleta jingine, likapasuka. Chago alipong'amua ilikuwa nne kwa nne, na Nereida, asiyeelewa besiboli, alikuwa amesimama juu ya kiti.

Raundi ya tisa, ya mwisho, zamu yetu. Wawili wameshatolewa, wa tatu akitoka zamu imekwisha. Vituo vyote vitatu vina watu wetu, na Payano ndiye anayepiga. Mrushaji wao hoi, mkono umekwisha. Mpira mbaya. Payano akauacha. Mwingine mbaya. Akauacha! Wa tatu, akauacha, gongo begani, uso umetulia kama wa mtawa. Mmoja tu zaidi na anatembea, aliye kituo cha tatu anasukumwa hadi nyumbani kutupa pointi, tumeshinda. Kazi yangu ilikuwa kutofanya kitu.

Sijui. Nilimwona mrushaji yule alivyochoka. Niliona mpira ujao utakavyokuwa laini, na Payano akiupeleka hadi mashamba ya miwa, na watu wakisimulia mpaka nife. Ushindi wa kutembea, nani ataukumbuka? Mkono wangu ukagusa kofia, kisha mkanda. Hiyo ndiyo ishara yetu ya kupiga. Payano akanitazama. Akafungua viganja, kuniuliza kama nina hakika.

Nikagusa mkanda tena.

Mpira ulikuja juu ya kofia yake. Akaupiga, kwa utii. Ukapanda wima, ukashuka kwenye glavu ya mlinzi ambaye hakusogea hata hatua, na zamu yetu ikaishia hapo. Raundi ya kumi wao wakapata moja, sisi hatukupata kitu. Tano kwa nne. Doña Eduvigis alinipita bila salamu, na nilistahili.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi mapema Don Maximino alituma ujumbe: hataki kuniona kwa sasa, ataamua Ijumaa. Nereida akasema hiyo ni habari njema. Anayengoja Ijumaa hajamfukuza mtu. Akaniambia nikae, nile, nipumzishe goti, nimwache mzee apoe.

Nilikaa. Nilikaa hadi saa tatu na robo. Kisha nikaenda dukani kumweleza hila mpya, ambayo ni nzuri sana.

Alikuwa akipima sukari. Hakuniacha nifike mwisho. Akasema Payano alikwenda kwake jana kuniombea, naye alishakaribia kukubali. Alichohitaji ni siku nne tu bila kuuona uso wangu. Siku nne, Eligio, akasema. Kisha akanyoosha mkono. Nikaivua sare palepale mbele ya wanunuzi, nikarudi nyumbani na fulana ya ndani. Njiani nililia kidogo, kwa upande wa uso usioelekea barabara.

Nimekaa nikatafakari, na sasa naliona kosa waziwazi. Mtu ameahidi Ijumaa, ameamua Jumatatu! Don Maximino hana subira. Ndiyo maana timu yake iko vile.

Nasikia Chago anatafuta msaidizi. Nereida anasema ningoje angalau shati langu likauke, bado linachuruzika kambani. Nimelivaa hivyohivyo, nakwenda.