Marehemu wa Masjala

Jumatatu, 4 Machi

Imeletwa kompyuta masjala. Masjala yangu! Imewekwa juu ya meza ninayowekea chai, bila hata hodi. Daktari katangaza kwamba kuanzia mwezi ujao zahanati itaendeshwa kwa mfumo, faili zitaingia stoo, nami nitahamishiwa mapokezi kugawa namba. Miaka kumi na tisa naitunza masjala hii, leo nikagawe namba! Thubutu!

Sista, muuguzi wetu mkuu na mpishi wa njama hii, anatabasamu tangu asubuhi. Analalamika kwamba hakuna mwingine anayeweza kupata faili zangu. Sasa si ndiyo maana yake? Sipangi kwa majina kama daftari la mahudhurio. Napanga kwa koo: bibi nyuma, wajukuu mbele, wakwe kando, waliogombana rafu yao. Nitajie mjomba wako tu, faili utaipata kabla hujaketi.

Jumanne, 5 Machi

Shindano! Daktari kataka rekodi za yule mama mwenye pumu. Mimi: sekunde arobaini. Sista: bado anahangaika na neno la siri. Nimepita korido mara mbili na faili mkononi ili kila mtu aione.

Daktari hakushtuka. Kauliza itakuwaje siku nikiumwa. Nimemjibu mimi siumwi. (Presha haihesabiki. Vidonge vimeisha jana, nitachukua vingine nikipata nafasi.)

Jumatano, 6 Machi

Mpango. Nitathibitisha kwamba mashine hii inameza lolote inalolishwa. Sista alipokwenda kuchoma sindano, nikakalia kiti chake. Kumbe alishaniingiza kwenye orodha ya wagonjwa tangu juzi, mdaku yule! Palipoandikwa hali ya mgonjwa nikachagua: amefariki. Ikauliza kama nina uhakika. Ninao. Ikakubali! Haikuuliza lini, wala kwa ugonjwa gani, wala haikutoa pole.

Kesho kuna mkutano wa wafanyakazi. Nitasimama mbele yao, marehemu anayepumua, tuone Sista atasema nini. Shati nimelipiga pasi.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna aliyeniambia kwamba kila asubuhi mfumo hupeleka ujumbe wa simu kwa ndugu wa karibu wa waliofariki.

Ndiyo kwanza nimekohoa kuanza hotuba, dada yangu mkubwa kaingia na shangazi wawili, vilio mpaka nje. Aliponiona, kanitandika kwa mkoba. Kasema ameshawapigia ndugu wote, na kwamba hakunibeba mgongoni utoto wangu wote ili nije kumfanyia mzaha wa msiba. Hapo niliona aibu kweli. Naandika mara moja, sirudii.

Kichwa kikaanza kunizunguka. Presha! Nikajikokota hadi dirisha la dawa. Mfamasia katazama kompyuta, kanitazama mimi, kasema mfumo haumruhusu kutoa dawa kwa marehemu. Sista kasema atanirekebisha sasa hivi. Nikakataa katakata. Nitajithibitisha mwenyewe, kwa faili yangu ya karatasi!

Rafu ya ukoo wa baba: hakuna. Ya mama: hakuna. Ya wakwe: hakuna. Dada kanishikia ngazi, machozi hayajamkauka, ananisihi niache ubishi nitakufa kweli. Nusu saa! Niliposhuka miguu ikakataa. Sista akabonyeza mara tatu, akanifufua, akasoma dozi yangu kwenye kioo, nikapewa kidonge na maji. Wala hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari kaniita ofisini. Nilijiandaa kwa barua ya kufukuzwa kazi. Kasema mimi ni mjinga, ila mjinga aliyegundua mwanya: kuanzia sasa mfumo hautapokea kifo mpaka wathibitishe watu wawili, na mmoja ni mimi. Nabaki masjala! Nimepewa neno la siri, herufi kumi na mbili. Kasisitiza nilikariri, nisiliandike popote.

Nisiliandike! Hajui anaongea na nani.

Faili yangu nayo imeonekana, rafu ya waliogombana. Niligombana na shemeji mwaka juzi, nikajihamisha. Nimetia neno la siri humo, kisha nikaihamishia mahali ambapo Sista hataifikia hata akizaliwa upya. Nimempigia dada simu kumweleza kwamba nimeshinda. Kakata.

Jumatatu, 11 Machi

Saa mbili asubuhi Sista kasema wananisubiri niingie kwenye mfumo. Nimemwambia dakika moja.

Sasa ni saa sita. Nimemaliza koo zote za upande wa dirisha. Sista kaleta ngazi bila kuombwa na kauliza kwa upole kama anishikie. Nimemwambia asinifundishe kazi. Mpangilio wangu hauna kasoro hata moja. Ni faili tu ndiyo haipo mahali pake.