Sekunde Nne za Vali ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Cheo cha mkuu wa altrasaundi ya moyo ni changu! Mpinzani ni mmoja tu: Shemeji. Yeye ni daktari wa usingizi chumba cha upasuaji, na tangu asomee kupiga picha za moyo, hatupikiki chungu kimoja. Mpango: nisome picha haraka kuliko yeye. Bosi mpasuaji hapendi kusubiri. Mke wangu kasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Akaninunia. Anamtetea kaka yake, najua.

Jumanne, 4 Machi
Mgonjwa wa kesho ni Mwalimu! Yule yule wa hesabu darasa la sita, aliyeniandikia kwenye ripoti: "Hutoa jibu kabla ya kusoma swali." Vali ya moyo inavuja, akipanda ngazi tatu anahema. Nikampa shikamoo. Akauliza kama siku hizi nahakiki kazi yangu. Watu wengine hawasahau! Kisha akanishika mkono, akasema anaogopa. Roho iliniuma.

Jumatano, 5 Machi
Aibu! Vali imeshonwa, moyo umeachiwa upige wenyewe. Bosi akauliza kama bado inavuja. Kipimo cha altrasaundi kiko kooni kwa Mwalimu, picha iko kwenye skrini. Nikatupa jicho. Hata tone! Nikatangaza pakavu. Sekunde nne! Bosi akaomba nyuzi za kufungia kifua.

Shemeji akasema tusubiri. Eti presha iko chini mno, na moyo uliolegea huficha uvujaji. Nikamwambia asinifundishe kazi. (Hilo nalijua. Lilikuwa kwenye mtihani.) Akaingiza dawa, presha ikapanda. Mama yangu! Skrini nzima rangi ya damu inayorudi nyuma. Vali inavuja kama bomba bovu.

Ningemrudisha Mwalimu nyumbani na moyo ule ule, kwa sababu ya sekunde nne. Bosi alinitazama juu ya barakoa. Wakashona upya, saa moja na nusu zaidi. Presha ikapandishwa tena. Pakavu kweli. Nilijifungia chooni nikalia kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu ameamka! Anaongea, anakunywa maji, anawakosoa wauguzi. Akauliza nani aliona kwamba vali bado inavuja. Nikasema sisi. Akanikazia macho, yale yale ya darasa la sita. Basi, nikasema Shemeji. Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya karatasi ya dawa: "Mkweli akibanwa. Haraka bado ipo." Nimeiweka mfukoni.

Jumamosi, 8 Machi
Cheo kapewa Shemeji. Mke wangu anaimba jikoni. Sawa tu.

Nimetafakari kwa kina kosa lilikuwa wapi. Nimelipata! Skrini ilimwelekea Shemeji. Jumatatu nitaigeuza kwangu, asione kitu. Faili la mgonjwa wa siku hiyo sijalifungua, lakini jibu ninalo tayari.