Kutu, Adui wa Mkoa

Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1978. Asubuhi ilikuwa na baridi kavu, na jua lilitoka kwa kutimiza wajibu tu. Katika ofisi ya elimu ya mkoa, ambayo ndiyo hutoa hati za panga za kale, Bwana Kurosu, mkuu wa kitengo cha ukaguzi wa panga za vita, alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo kutu ni adui wa umma. Kila upanga utafika mezani ukiwa unang'aa kutoka ncha hadi mkia, yaani hadi ule upande unaojificha ndani ya mpini. Lengo lilikuwa kulinda kitambaa cha meza, ambacho kilikuwa kipya.

Maofisa kumi na mmoja walipiga makofi. Panga za kukaguliwa zilikuwa mbili.

Wa kwanza ulikuwa wa Bibi Tazuko Orihara, ambaye masikio yake yalichoshwa zamani na mashine za kiwanda cha hariri. Alikuwa ameukuta darini, katika nyumba ya ukoo kijijini, ndani ya blanketi la marehemu baba yake aliyekuwa afisa wa jeshi. Sheria aliijua: upanga uliofuliwa kwa mkono hupewa hati na kurudi nyumbani, uliotoka kiwandani wakati wa vita hukatwa vipande. Baba hakuacha kingine. Hata picha zake ziliungua mjini wakati wa vita, pamoja na mtaa mzima.

Wa pili ulikuwa wa Mkurugenzi Ebisawa mwenyewe, mkuu wa ofisi hiyo, urithi wa ukoo. Alikubali kuwa nyuma kwa unyenyekevu, na unyenyekevu huo ulitajwa katika taarifa.

Kurosu aliuvua mpini wa upanga wa Bibi Tazuko, akaona mkia mweusi, akasikitika kama daktari. Akampa msasa na kiti cha korido.

"Sugua, Mama, usituaibishe. Wa Mkurugenzi nimeusugua mwenyewe siku tatu. Sasa anaweza kuutumia kama kioo cha kunyolea ndevu."

Bibi Tazuko akaketi. Alimwomba baba yake ruhusa, kama alivyozoea kila asubuhi mbele ya madhabahu ya nyumbani, kisha akaweka msasa juu ya kutu. Mkono ukagoma. Kutu ile ilikuwa imekaa na baba muda mrefu kuliko yeye. Akaukunja msasa, akausukumiza chini ya mguu wa kiti, ambacho tangu aketi kilikuwa kikiyumba.

Alipoitwa, Kurosu alimwambia kichwa chake ni kigumu kuliko chuma chake. Lakini utaratibu ni utaratibu: kwanza mwenye upanga aahidi, mbele ya mashahidi wawili, kwamba atapokea uamuzi bila kununa. Mashahidi walikuwa Kurosu na mwenzake Bibi katika foleni, yaani Mkurugenzi.

Akaahidi polepole.

"Kwa sauti, Mama," alisema Mkurugenzi. "Hatukuja kusoma midomo."

Akaahidi kwa sauti.

Mkaguzi, Mzee Toneyama, alikuwa amenoa panga miaka hamsini. Alikuwa amefika kwa treni iliyochelewa, akalikosa tangazo. Aliutazama ule mkia mweusi kama mtu anayesoma barua ya rafiki.

"Kutu hii ina miaka mia tatu," alisema. "Ala ni ya jeshi, upanga ni wa mababu. Thamani yake ni kubwa, Mama. Ungeisugua, ungemuua shahidi."

Bibi Tazuko akainama mpaka paji likagusa kitambaa kipya.

Ukafuata wa Mkurugenzi. Mzee aliugeuza mkia wake, akafumba macho kwa ule mwanga, akauliza nani aliyesugua.

Kurosu alinyoosha tai. "Mimi, Mzee."

"Hapa palikuwa na jina la mfuaji?"

"Palikuwa na maandishi fulani. Yalinisumbua sana kuyatoa."

Mzee Toneyama akachukua kalamu, akaandika huku akisoma. Upanga usio na kutu hauna umri. Usio na umri umefuliwa juzi. Uliofuliwa juzi bila kibali ni silaha haramu, na silaha haramu hukatwa. Sahihi ilikwishawekwa. Kilichobaki ni ile ahadi, ambayo kwa Mkurugenzi hakuna aliyekuwa amethubutu kuidai mapema.

Mashahidi walisimama: Kurosu, ambaye tai ilianza kumkaba, na mwenzake Mkurugenzi katika foleni, yaani Bibi Tazuko. Mkurugenzi alinong'ona kitu.

Bibi Tazuko, upanga wa baba kifuani, akamsogezea sikio.

"Kwa sauti, Bwana Mkurugenzi. Mimi midomo sijui kuisoma."

Mkurugenzi Ebisawa akavuta pumzi.

"Mimi, Ebisawa, mkurugenzi wa mkoa, naahidi mbele ya mashahidi hawa: upanga wangu ukikatwa, sitanuna."